Namna ya Kupima Kama Dondoo la Mboga za Kienyeji Huzuia Tishu za Ubongo Kuoksidika

Si haba wanafunzi wa biokemia na sayansi ya lishe katika vyuo vya Njoro, Maseno na Kakamega wanaochagua mmea wa kienyeji kuwa mada ya utafiti wao wa mwaka wa mwisho, wakakausha majani, wakatengeneza dondoo, wakalipima kwa kemikali ya zambarau iitwayo DPPH, kisha wakahitimisha kwamba mmea huo hukinga ubongo. Jaribio la DPPH ni jepesi na la bei nafuu, nalo lafaa kwa kuchuja madondoo mengi kwa haraka: rangi ikififia kwenye nanometa 517, ujue kuna kitu kilichotoa elektroni au atomu ya haidrojeni. Hata hivyo, ndani ya neli hiyo hamna ubongo. Hamna utando wa mafuta, hamna chuma, hamna protini, na DPPH yenyewe haipatikani katika mwili wa kiumbe yeyote. Mwongozo huu unaeleza hatua inayofuata, ambayo ni kulipima dondoo katika tishu halisi ya ubongo wa mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya nyama, kwa vifaa vinavyopatikana katika maabara ya kawaida ya chuo: spektrofotomita, sentrifuji, mizani nzuri, pipeti na beseni la kupashia neli moto.

Kinachopimwa hasa

Ubongo wa binadamu mzima ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mwili huhitaji wakati wa mapumziko. Utando wa seli zake umejaa asidi za mafuta zenye bondi maradufu nyingi, hasa ile iitwayo DHA, na karibu na bondi hizo ndipo radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake, hupata pa kushambulia. Pia kuna chuma cha kutosha katika tishu hii, ilhali kimeng'enya cha katalasi, ambacho huvunja haidrojeni peroksaidi, ni kichache mno kikilinganishwa na kilichomo katika ini. Radikali moja ikiinyang'anya asidi ya mafuta atomu ya haidrojeni, asidi hiyo nayo hugeuka radikali, huungana na oksijeni, kisha humnyang'anya jirani yake, na mnyororo huo huendelea hadi kitokee kitu cha kuukata.

Miongoni mwa mabaki ya mnyororo huo ni malondialdehidi. Ikichemshwa pamoja na asidi ya thiobarbituriki, ambayo tangu hapa nitaiita TBA, hutoa rangi ya waridi inayofyonza mwanga wa nanometa 532. Kwa hiyo waridi ikikolea, mafuta ya ubongo yameharibika zaidi. Ikipungua mbele ya dondoo lako, huenda dondoo limekinga. Nasema huenda kwa makusudi, kwa kuwa rangi inaweza kupungua au kuongezeka kwa sababu zisizohusiana kabisa na ubongo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jinsi ya kuzitambua sababu hizo.

Mmea na dondoo lake

Magharibi mwa Kenya hakuna upungufu wa mimea ya kupima. Katika soko la Kibuye mjini Kisumu au lile la Luanda utapata mrenda, ambao Wajaluo huuita apoth, managu au osuga, saga au dek, mitoo, kunde na terere. Ushauri wangu ni kwamba usichague mmea kwa sababu tu watu husema unatibu kila kitu. Chagua kwa swali. Kwa mfano, mrenda na kunde katika nyumba nyingi hupikwa kwa magadi au kwa munyu wa majivu, na polifenoli nyingi (kemikali za mimea zinazoweza kuzuia uoksidishaji) huvunjika haraka katika maji yenye alikali na hewa. Je, dondoo la mrenda uliochemshwa kwa magadi hukinga tishu sawasawa na la mrenda uliochemshwa kwa maji matupu? Swali la namna hiyo lina mwanzo na mwisho, na mama wa nyumbani atalielewa jibu lake.

Kabla ya kukausha chochote, bana tawi lenye maua au matunda kati ya magazeti, ulikaushe, ulipeleke kwa mtaalamu wa mimea wa chuo chako ili jina la kisayansi lithibitishwe, na sampuli ihifadhiwe kwa nambari. Managu ni kundi la spishi kadhaa zinazofanana sana, na bila sampuli hiyo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako. Andika pia mahali ulipoyapata majani, mwezi, na kama yalinunuliwa sokoni au yalichumwa shambani.

Majani yaoshwe yakiwa mazima, yakaushwe kivulini penye hewa, kisha yasagwe. Yakipondwa yangali mabichi, vimeng'enya vyake huanza kuoksidisha polifenoli papo hapo, kama unavyoona kwenye ndizi iliyomenywa. Kama swali lako linahusu chakula, chemsha unga huo katika maji kwa muda uleule unaotumika jikoni. Kama unatafuta kemikali kwa mapana zaidi, loweka gramu 10 za unga katika mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70 kwa usiku mmoja, huku chombo kikiwa kimefunikwa na kuwekwa gizani. Kwa mrenda ethanoli ina faida ya ziada, kwa kuwa ute wake hauyeyuki vizuri humo; dondoo la maji la mrenda huziba karatasi ya kuchujia hadi ukate tamaa, na hapo itakubidi ulipitishe kwenye kitambaa kwanza, kisha kwenye sentrifuji. Kiyeyushi kiondolewe kwa joto lisilozidi nyuzi 40, masalio yapimwe uzito, yahifadhiwe kwenye friza katika chupa nyeusi au iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini.

Jambo moja linalopuuzwa ni kiyeyushi utakachotumia kulirudisha dondoo katika hali ya majimaji. Madondoo yasiyoyeyuka katika maji kwa kawaida huyeyushwa kwa DMSO, na DMSO yenyewe huzima radikali za haidroksili. Ikiwa neli yako ina asilimia 1 ya DMSO, ukolezi wake ni takriban milimola 140 kwa lita, ilhali chuma utakachoweka ni mikromola 10 tu. Ethanoli ina tabia hiyohiyo. Basi neli ya kidhibiti yenye kiyeyushi pekee, kwa kiasi kilekile kilichomo katika neli za dondoo, ni ya lazima, na kila ulinganisho ufanywe dhidi yake.

Ubongo kutoka kichinjioni

Huna haja ya kumuua mnyama. Vichwa vya mbuzi huuzwa kila asubuhi kwa ajili ya supu, na ubongo mmoja, ambao una uzito wa karibu gramu 100, unatosha kabisa kwa kazi ya siku. Hata hivyo, ieleze kamati ya maadili ya chuo chako unachokusudia kufanya, na uhakikishe kwamba utafiti umefuata taratibu za chuo na za NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti nchini Kenya, kabla ya kuanza, si baada ya kupata matokeo. Nunua katika kichinjio ambacho mkaguzi wa nyama huwapo, na uchukue kichwa cha mnyama aliyekwisha kupitishwa na mkaguzi huyo. Vaa glavu na miwani ya maabara tangu fuvu linapofunguliwa. Ubongo si nyama ya kushika ovyo, kwa kuwa maradhi kama kichaa cha mbwa hukaa humo.

Zungumza na mchinjaji siku moja kabla. Mweleze kwamba unahitaji kichwa cha mnyama aliyechinjwa muda uleule, ambacho hakijagongwa wala kuchomwa manyoya, kwa sababu moto wa kuchomea manyoya hupasha joto hata kilichomo ndani. Fuvu lifunguliwe palepale, ubongo utiwe katika chupa pana yenye kifuniko iliyojazwa maji baridi ya chumvi ya potasiamu kloridi ya asilimia 1.15, na chupa izikwe katika barafu. Barafu ya aina ile ile ambayo wauza samaki wa Kisumu hutumia kuhifadhia ngege na mbuta inafaa, mradi maji yake yasiingie ndani ya chupa. Andika saa ya kuchinjwa na saa ya kuanza kusaga. Kusafiri kutoka Kisumu hadi Maseno, au kutoka Nakuru mjini hadi Njoro, hakuchukui muda mrefu, lakini ubongo uliokaa saa moja juani umekwisha kuoksidika kabla hujaugusa, na hakuna dondoo litakalorudisha kilichoharibika.

Maabarani, toa utando wa nje na mishipa ya damu, kisha suuza kwa maji yaleyale baridi mara kadhaa hadi yawe hayana wekundu. Hatua hii si ya usafi tu: hemoglobini iliyobaki ina chuma ambacho huchochea uoksidishaji, na ubongo uliosuuzwa vibaya utakupa namba zinazotofautiana kila siku bila sababu ya kueleweka. Chukua sehemu moja ya ubongo na usiibadilishe katika utafiti mzima. Tabaka la kijivu la nje la ubongo mkubwa ndilo rahisi kulitambua. Ile sehemu nyeupe ya ndani ina mafuta ya aina nyingine na huitikia kwa namna nyingine.

Pima gramu 5, ukatekate juu ya barafu, usage katika bafa baridi (myeyusho unaodumisha pH, ulioelezwa hapa chini) hadi jumla iwe mililita 50, upate rojo la asilimia 10. Msagio wa kioo wenye mchi wa tefloni ndio bora; kinu kidogo cha kauri kilichozikwa katika barafu kinaweza kuchukua nafasi yake. Blenda ya jikoni siipendekezi, kwa sababu hupiga hewa ndani ya rojo na kulitia joto, mambo mawili unayoyakwepa. Zungusha rojo kwenye sentrifuji kwa nguvu ya takriban g 1000 kwa dakika 10, katika baridi, uchukue kiowevu cha juu. Kama mashine yako huonyesha mizunguko pekee, zidisha 0.00001118 kwa nusu kipenyo cha rota katika sentimita, kisha kwa mraba wa mizunguko kwa dakika. Rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 ikizunguka mara 3000 kwa dakika hutoa takriban g 1000. Rojo litumike siku hiyohiyo likiwa juu ya barafu.

Kuhusu bafa, hakuna iliyo kamilifu. Fosfeti hushikana na chuma, na trisi, bafa nyingine ya kawaida, huzima radikali za haidroksili. Mimi naonelea heri potasiamu kloridi ya asilimia 1.15 iliyotiwa trisi kidogo, milimola 10 kwa lita, kuliko milimola 50 au 100 zinazotajwa katika miongozo mingi. Kumbuka kwamba pH ya trisi hushuka kwa takriban 0.028 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Ili upate 7.4 kwenye nyuzi 37, rekebisha hadi 7.7 kwenye nyuzi 25. Usitumie bafa yenye sukrosi, hata kama mwongozo wa kutenganisha mitokondria unaisifu, kwa kuwa sukari ikichemshwa na TBA hutoa rangi yake yenyewe.

Mpangilio wa neli

Kila neli iwe na mililita 1 kwa jumla: rojo mililita 0.5, dondoo mililita 0.1, bafa mililita 0.2, vitamini C mililita 0.1, na mwisho salfeti ya chuma mililita 0.1. Chuma kiwe na ukolezi wa mikromola 100 kabla ya kuingia katika neli, ili humo kiwe mikromola 10. Vitamini C iwe milimola 1, ili humo iwe mikromola 100. Kwa salfeti ya chuma yenye molekuli saba za maji, miligramu 27.8 katika mililita 100 za maji hutoa milimola 1, ambayo utaizimua mara kumi. Itengeneze dakika chache kabla ya kuitumia. Myeyusho wa chuma uliolala maabarani tangu juzi umekwisha kugeuka, na umanjano wake ni ushahidi tosha.

Huenda msomaji akashangaa kuona vitamini C ikitajwa upande wa washambuliaji. Katika neli hii kazi yake ni kukirudisha chuma katika hali yake ya kwanza kila kinapooksidika, ili kiendelee kuchochea uharibifu. Ndiyo maana haifai kamwe kutumiwa hapa kama antioksidanti (kizuia uoksidishaji) ya kulinganishia, ingawa katika jaribio la DPPH hutumiwa hivyo kila siku. Kwa ulinganisho tumia kwesetini, asidi ya galiki au Trolox.

Neli za kidhibiti ndizo zinazotofautisha kazi ya kuaminika na namba tupu. Iwepo neli ya rojo pekee bila chuma wala vitamini C, ambayo itakuonyesha uharibifu unaotokea wenyewe kwenye nyuzi 37 kutokana na chuma cha ubongo. Iwepo neli ya rojo, chuma, vitamini C na kiyeyushi bila dondoo, ambayo ndiyo uharibifu kamili. Iwepo neli ya antioksidanti ya kulinganishia. Kisha, kwa kila ukolezi wa dondoo, iwepo neli yenye kila kitu isipokuwa TBA, ambayo utaweka maji mahali pake. Neli hii ya mwisho ndiyo wanafunzi huiacha ili kuokoa muda, na ndiyo inayokomboa kazi nzima ukiwa unapima mimea yenye wekundu. Rangi nyekundu ya terere hufyonza mwanga karibu kabisa na nanometa 532, na anthosianini (rangi za mimea) za rosela au za chai ya zambarau huwa nyekundu zaidi katika asidi, yaani katika hali ileile utakayoiunda. Bila neli hiyo, dondoo jekundu litaonekana kana kwamba linaharibu ubongo. Weka pia neli moja ya dondoo na TBA bila rojo, kwa sababu sukari za mmea nazo hutoa rangi.

Ukolezi wa dondoo ndani ya neli uanzie mikrogramu 10 hadi 200 kwa mililita, ukipanda kwa hatua tano hivi. Kila neli irudiwe mara tatu. Hapa ni lazima nitahadharishe: neli tatu kutoka ubongo mmoja ni kipimo kimoja kilichorudiwa, wala si wanyama watatu. Zinakueleza jinsi mkono wako ulivyo thabiti kwenye pipeti, basi. Kwa takwimu unahitaji ubongo wa mbuzi wasiopungua watatu, na watano ni bora, kila mmoja katika siku yake, na hesabu za wastani zifanywe kwa wanyama.

Kuchemsha na kusoma

Neli zikae kwenye nyuzi 37 kwa saa moja, zikitikiswa polepole na vizibo vyake vikiwa vimelegezwa, kwani mnyororo unahitaji oksijeni. Ili kuusimamisha, ongeza mililita 1 ya asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 10 ambayo imetiwa BHT kidogo. BHT huzuia mafuta yaliyosalia yasiendelee kuoksidika wakati wa kuchemsha, jambo ambalo lingepandisha namba zako zote. Asidi hiyo huunguza ngozi, vaa miwani. Zungusha kwenye sentrifuji ili protini ishuke, chukua mililita 1 ya kiowevu cha juu, ongeza mililita 1 ya TBA ya asilimia 0.67, ambayo huyeyuka vizuri tu ikipashwa moto kidogo, kisha uchemshe kwa dakika 20.

Miongozo mingi huagiza nyuzi 95 au maji yanayochemka, na waandishi wake aghalabu walikuwa karibu na usawa wa bahari. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kisumu maji huchemka karibu na nyuzi 96 na Maseno karibu na 95, lakini Njoro, ambako ni zaidi ya mita 2000, yatachemka kwenye nyuzi 92 au 93, na kuongeza moto hakutayapandisha. Hilo si tatizo mradi neli za malondialdehidi ya kupimia zichemshwe katika beseni hilohilo na kwa muda uleule. Tatizo hutokea mtu anapochukua namba kutoka kitabuni akazilinganisha na zake bila neli hizo za kipimo. Ukiona waridi bado inaongezeka baada ya dakika 20, ongeza muda kwa neli zote hadi isimame.

Neli za kipimo hutengenezwa kwa tetramethoksipropani, kemikali inayovunjika katika asidi na kutoa malondialdehidi kwa idadi inayojulikana. Ukolezi kutoka mikromola 0.5 hadi 5 katika ujazo wa mwisho unatosha. Poza neli zote katika maji baridi, zungusha tena kama kuna ukungu, usome kwenye nanometa 532. Umeme ukipotea katikati ya kuchemsha, tupa neli zile; usijaribu kuzimalizia ukirudi.

Hesabu

Ondoa kwanza usomaji wa neli isiyo na TBA kutoka kwa ule wa neli yenye TBA, kwa kila ukolezi, na uondoe pia rangi iliyotokana na dondoo lenye TBA bila rojo, ukichunga usiondoe rangi ya dondoo lenyewe mara mbili. Kisha tumia mchoro wako wa kipimo, au namba 156,000 kwa mola kwa sentimita, ambayo ndiyo ufyonzaji wa mwanga wa zao la TBA. Tuseme umesoma 0.468 katika kyuveti ya sentimita 1. Ukigawanya kwa 156,000 unapata mikromola 3, yaani nanomola 3 kwa mililita. Ujazo uliochemshwa ulikuwa mililita 2, kwa hiyo humo mna nanomola 6. Lakini ulichukua nusu tu ya kiowevu, basi neli nzima ilikuwa na nanomola 12. Mililita 0.5 za rojo la asilimia 10 zinatokana na gramu 0.05 za tishu, hivyo jibu ni nanomola 240 kwa gramu. Kama una muda wa kupima protini kwa njia ya Bradford au Lowry, kadiria kwa miligramu ya protini, kwani gramu ya ubongo hubeba maji tofauti siku hadi siku.

Kwa kiwango cha ukingaji, toa usomaji wa neli ya dondoo kutoka kwa ule wa uharibifu kamili, gawanya kwa tofauti kati ya uharibifu kamili na rojo pekee, zidisha kwa 100. Ikiwa rojo pekee ni 0.120, uharibifu kamili 0.620, na dondoo 0.270, ukingaji ni asilimia 70. Wanaosahau kutoa usomaji wa rojo pekee hupata asilimia 56, kisha hujiuliza kwa nini hata kwesetini haifiki 100.

Kusoma matokeo

Dondoo jema huonyesha ukingaji unaopanda kadiri ukolezi unavyopanda. Usishtuke hata hivyo ukiona kinyume chake kwenye kiasi kidogo. Polifenoli nyingi, sawa na vitamini C, zinaweza kukirudisha chuma katika hali ya kuchochea uharibifu, na zikiwa chache kuliko zinavyohitajika kukata mnyororo, huongeza waridi badala ya kuipunguza. Matokeo hayo yaandikwe. Ni ya thamani kuliko jedwali lililosafishwa, na yanamweleza msomaji kwamba mmea huohuo unaweza kuwa rafiki au adui kulingana na kiasi.

Ukingaji nao una njia mbili ambazo jaribio hili peke yake halizitenganishi. Dondoo linaweza kukata mnyororo kwa kutoa haidrojeni, au linaweza kukikumbatia chuma kisiweze kufanya lolote. Ili kutofautisha, rudia kwa mshambuliaji asiyetumia chuma, kama AAPH, ambayo huzalisha radikali kwa joto pekee. Dondoo likikinga dhidi ya chuma lakini likashindwa mbele ya AAPH, kazi yake kubwa ni kukishika chuma. Unaweza kuthibitisha kwa ferozini, ambayo hutoa zambarau kwenye nanometa 562 ikipata chuma kilicho huru, ingawa madondoo yenye rangi kali yatakusumbua hapo pia.

Linalobaki ni kuandika kiasi kile tu ambacho neli zimeonyesha: kwamba dondoo la majani ya spishi fulani, lililotengenezwa kwa kiyeyushi fulani, lilipunguza uoksidishaji wa lipidi uliochochewa na chuma katika tishu ya ubongo wa mbuzi nje ya mwili, kwa kiwango fulani. Jaribio hili halionyeshi kwamba kula mboga hiyo kunazuia usahaulifu wa uzeeni. Kati ya sahani na ubongo kuna utumbo, kuna ini linalozibadilisha flavonoidi, kundi mojawapo la polifenoli, karibu zote kabla hazijaingia katika mzunguko mkubwa wa damu, na kuna kizuizi baina ya damu na ubongo ambacho hakiruhusu kila kitu kupita. Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe iliondoa mwaka 2012 jedwali lake la ORAC, lililokuwa likipanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti ndani ya neli, kwa sababu namba hizo hazikuonyesha athari ya vyakula hivyo katika mwili wa binadamu, huku wauzaji wa vidonge wakizitumia katika matangazo.

Anayetaka kuvuka kizuizi hicho ana mfano wa karibu. Chai ya zambarau ya TRFK 306 ilitolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011, na mwaka 2014 watafiti wa humu nchini walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba panya waliolishwa anthosianini za chai hiyo walipatikana nazo katika tishu za ubongo, na kwamba glutathioni, antioksidanti ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe, iliongezeka. Hapo ndipo neno ubongo linapoanza kustahili, ingawa panya bado si mtu. Kazi ya namna hiyo inahitaji kibali cha wanyama hai na msimamizi mwenye uzoefu, lakini kipimo cha glutathioni unaweza kukijaribu mapema katika rojo la mbuzi: kemikali ya DTNB hutoa umanjano kwenye nanometa 412. Sehemu ya rojo itakayopimwa glutathioni itengwe na kutiwa asidi mara tu baada ya kusaga, kabla ya neli nyingine kupelekwa kwenye nyuzi 37, kwa kuwa glutathioni huoksidika haraka kuliko mafuta unayoyapima.